Duara la Wino Mwekundu

Mama yangu aliajiriwa kwa sababu ya mdomo wake wa chini. Nikisema hivyo watu hucheka, na wenye akili chafu huwaza ya kwao, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa msafisha vioo katika stoo ya kituo cha darubini, na bila mdomo kazi ile haifanyiki.

Zamani, kabla ya kompyuta, picha za nyota zilipigwa kwenye vioo vyembamba vya ukubwa wa daftari la shule. Upande mmoja wa kioo ulipakwa utando wa dawa, na utando ndio ulioshika picha: anga jeupe, nyota vidoti vyeusi. Upande wa pili ulikuwa kioo kitupu, na huko wataalamu walichora kwa wino kila kilichowajia kichwani, mishale, namba, miduara, hata namba za simu. Vioo elfu thelathini na ushei vilisimama wima kwenye makabati ya chuma, kila kimoja ndani ya bahasha yake. Ilipokuja mashine ya kuvinakili, ule wino ukawa kero, ukatafutwa mtu wa kuufuta. Mama akapewa pamba, chupa ya maji yaliyochanganywa na spiriti, na wembe.

Kasheshe ni kujua upande upi ni upi. Utando ukizeeka hung'aa kama kioo chenyewe, na macho hayakusaidii. Kwa hiyo unalowesha mdomo wa chini, unaugusisha kwenye pembe ya kioo. Kioo kitupu kinateleza. Utando unanata kidogo, kama karatasi ya pipi. Ukikosea, ukapitisha pamba mbichi upande wa utando, umefuta anga, na anga la usiku ule halipigwi picha tena. Mama alipimwa siku ya kwanza kwa vioo ishirini, akapatia vyote, kazi ikawa yake. Tangu hapo hakupaka rangi ya mdomo hata siku ya harusi yangu. Mama mkwe wangu aliniuliza pembeni kama kuna msiba ambao hawakuambiwa.

Aliyemwombea kazi hiyo na kumfundisha kipimo cha mdomo ni baba, na baba ndiye aliyepiga sehemu kubwa ya vioo hivyo. Miaka ishirini na minane alikuwa mpiga picha wa darubini. Alilala mchana, kwa hiyo mimi na ndugu zangu tulikua tukinong'ona, na mpaka leo mdogo wangu akiwa na jambo zito huliongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Mimi sikuambukizwa. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani mbili na sauti ya kuzishinda zote mbili.

Mtaani baba aliitwa Bwana Pete. Wengi walidhani alikuwa sonara. Jina alipewa kazini, kwa kejeli, na lilimganda kama gundi.

Aliwahi kunieleza nikiwa na miaka minane, tumekaa kizingitini, yeye akimenya chungwa. Nyota ikizeeka, alisema, huvimba. Inakuwa kubwa kupita kiasi, nyekundu, haina tena nguvu ya kujishikilia, inaanza kuhema. Kila ikihema inasukuma nje tabaka la gesi. Gesi ile haina pa kuangukia, basi inakwenda pande zote kwa pamoja, kama ganda la yai linalozidi kupanuka, na sisi tulio mbali tunaona pete imezunguka nyota. Inapanuka maelfu ya miaka, inazidi kuwa nyepesi, mpaka siku moja haionekani tena.

"Haiumii?" nilimuuliza.

"Sijui. Hakuna aliyeiuliza."

Miaka arobaini na moja iliyopita, baba aliamua kwa kichwa chake kuiacha darubini kwenye nyota moja kuukuu, nyekundu, kwa saa nne badala ya dakika arobaini alizoruhusiwa. Alipokiosha kioo kwa dawa ili picha itokee, akaona kuizunguka nyota ile kitu chembamba, hafifu, mviringo. Pete. Akachora duara la wino mwekundu upande wa kioo kitupu kuonyesha ilipo, na pembeni akaweka alama ya kuuliza, maana alikuwa mtu wa adabu. Mkurugenzi wa wakati ule alikitazama kioo kwa muda wa kupiga chafya. Akasema nuru imegonga mgongo wa kioo ikarudi, ndiyo imechora pete, kila mwanafunzi anajua hilo. Baba akajibu kwamba nyota jirani ilikuwa na mwanga zaidi na haikuwa na pete yoyote. Mkurugenzi akamwambia kazi yake ni kufungua na kufunga kifuniko, si kufikiri. Akakatazwa kurudia kipimo cha saa nne, na kioo kikaingizwa bahashani. Kuanzia asubuhi hiyo akawa Bwana Pete.

Hakulalamika. Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Mimi ningepindua meza. Yeye alisema tu, "Kioo kipo stoo. Kioo hakisahau." Aliyasema hayo kila mwaka, hata baada ya kustaafu, na mama akiwa pale mezani akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, halafu mapaja, halafu tumbo. Daktari alinivuta kwenye korido akanieleza bila kuzungukazunguka: wiki chache, pengine mwezi. Tukamrudisha nyumbani, tukasogeza kitanda kwenye dirisha la sebuleni kwa sababu kule chumbani alisema anakosa hewa. Mwenyewe alikuwa akiutazama mguu wake na kutania, "Nami nimevimba kama yule mzee wangu wa juu. Bado kuwa mwekundu tu."

Ndipo akaja mtafiti. Msichana mdogo kabisa, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Aliamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaanza kueleza kwa haraka kana kwamba ataambiwa muda umekwisha. Darubini mpya, iliyo mbali sana, imeitazama nyota ile. Pete ipo. Ganda la gesi, zima, limeizunguka nyota pande zote. Alikuwa akipekua madaftari ya zamani ya kituo akakuta maandishi ya baba: tarehe, saa nne, "pete?" Sasa anakitafuta kioo chenyewe. Akiilinganisha pete ya wakati ule na ya leo atajua inapanuka kwa kasi gani, na ilitupwa nje lini.

"Na jina lako litaandikwa, baba," alisema. "Wa kwanza kuiona."

Baba alifunika uso kwa mikono, ile mikono iliyovimba mpaka pete ya ndoa ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mabega yakatikisika. Sikuwahi kumwona akilia. Alipotoa mikono alikuwa anacheka.

"Mke wangu," aliita, ingawa mama alikuwa amesimama hapohapo. "Kesho niletee kioo changu. Nikione tena, halafu mpeni huyu binti. Nikishakiona sina deni na mtu."

"Haya," mama alisema. Rangi ilimtoka usoni. Nilidhani ni furaha.

Kesho yake hakuleta. Alisema kabati limehamishwa. Siku ya pili, funguo ziko kwa mtu aliye likizo. Siku ya tatu, bahasha zimechanganywa. Kila alasiri baba alisikia geti likilia akajiinua kwa viwiko, na kila alasiri mama aliingia mikono mitupu akakimbilia jikoni. Siku ya tano baba hakuweza tena kujiinua. Aligeuza kichwa tu.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mama, mtu anakufa pale. Ana ombi moja tu. Unashindwa nini?"

Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Natafuta."

"Basi kesho tunatafuta wote."

Stoo ile ni baridi na inanuka siki. Mama alinipitisha kati ya makabati bila kutazama kushoto wala kulia, wala hakufungua hata moja. Alikwenda kwenye meza yake ya kazi, akapiga magoti, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa pamba, matambaa, glavu, na chini ya vyote bahasha iliyofungwa kwa uzi. Akaniwekea mikononi.

Niliifungua na kuinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Pembezoni kulikuwa na nyota, vidoti vyeusi vingi, safi. Katikati kulikuwa na duara la wino mwekundu, na alama ya kuuliza pembeni yake. Ndani ya duara hamkuwa na kitu. Ungeona mti wa nje kupitia hapo.

"Ile siku ya jino," mama alisema.

Niliikumbuka. Miaka tisa iliyopita. Aling'olewa jino asubuhi, akakataa kupumzika, akaenda kazini na shavu limevimba. Alirudi analia, na alilia siku tatu. Baba alimsagia chakula, akamkanda shavu kwa kitambaa cha moto, akamwambia kama mtoto kwamba litapoa.

Mdomo wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliugusisha kioo, ukateleza. Akageuza, ukateleza. Kote alisikia kioo kitupu, kwa sababu hakuwa anasikia chochote, na hakuwa na subira ya kungoja ganzi iishe. Siku hiyo kulikuwa na vioo arobaini kwenye trei. Akachagua upande kwa kukisia. Wino ulionekana vizuri, wino unaonekana pande zote, akapitisha pamba. Haukutoka. Akaongeza maji, akasugua kwa nguvu, akachukua wembe. Wino haukutoka kwa sababu ulikuwa upande wa pili. Pamba ikawa ya kijivu. Hapo ndipo alipochukua bahasha kuisoma, akakuta mwandiko wa mumewe.

"Kwa nini hukusema?" Sauti yangu ilijaza stoo nzima.

"Ningesemaje? Nimwambie nini? Kila mtu alimcheka, mimi peke yangu nilimwamini. Halafu ni mimi."

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, mengine yalihusu umri wake. Aliyapokea akiwa bado amepiga magoti, na hilo lilinifanya nijisikie mnyama. Nikakaa chini, sakafuni, tukalia wote wawili kati ya makabati.

Kisha tukaanza kutafuta. Sijui tulitafuta nini hasa. Tulikuwa tumefika mwisho wa akili zetu. Mama alifikiri huenda kioo kingine cha miaka ileile kimeishika pete. Siku nne tulitoa kila kioo chenye nyota ile, mia moja na kumi na sita, yeye na lenzi kwenye jicho moja, mimi nikimpa na kupokea. Kila kimoja alikigusisha mdomoni kwanza, mara mbili, tatu, ingawa hatukuwa tunafuta kitu. Mdomo ukachanika. Kila nyota ilikuwa kidoti tu. Dakika arobaini, dakika arobaini, dakika arobaini. Baba alikuwa amekatazwa saa nne, na mtu wa adabu akikatazwa hukatazika.

Siku ya nne saa sita mchana, mdogo wangu alipiga simu akinong'ona kuliko kawaida. Alisema baba anauliza kama geti limelia.

Njiani mama aliibeba ile bahasha kifuani kwa mikono yote miwili. "Nitamwonyesha," alisema. "Macho yake hayaoni vizuri sasa. Duara ataliona. Atadhani ndiyo yenyewe."

"Utamdanganya?"

"Nipe la kufanya jingine, mwanangu. Nipe, nalifanya sasa hivi."

Nilisukuma geti, likalia.

Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Baba alikuwa amekonda usoni na kujaa kwingine kote, anahema kwa midomo wazi. Mama alitoa kioo akakiinua mbele ya dirisha. "Hiki hapa," alisema. Akamwekea mkononi, akageukia ukutani, akajifanya anatafuta kitambaa.

Baba alikitazama kwa muda mrefu. Alifinya jicho moja. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si mimi wala mama, kana kwamba tulikuwa tumesahau ni nani aliyemfundisha mama kazi. Alilowesha mdomo wake wa chini, uliokauka na kupasuka, akakigusisha kioo katikati. Akakigeuza polepole. Akagusisha tena.

Macho yake yakaja kwangu. Nadhani nilitikisa kichwa, au sikutikisa. Alijua tu kwamba najua.

"Ndicho chenyewe," alisema kwa sauti, kwa mgongo wa mama. "Naiona kabisa. Umenitunzia vizuri, mke wangu."

Mama alitoka mbio kwenda jikoni kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Baba akanivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Sasa nimeelewa kwa nini jino lile lilimliza siku tatu," alisema. Akapumzika, akatafuta pumzi. "Miaka tisa kabeba peke yake. Usimwambie kwamba najua."

Alifariki keshokutwa yake, asubuhi, kioo kikiwa kwenye kimeza kando ya kitanda.

Baada ya mazishi mama alikipeleka kioo kwa yule mtafiti na kumweleza kila kitu, jino, ganzi na wembe. Msichana alilia, maskini, halafu akasema maandishi ya daftari bila picha si ushahidi. Ripoti yake imetoka. Nimesomewa. Inasema pete ya gesi ya nyota ile imeonekana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nilitupa mkasi ukapiga ukuta, na alama yake bado ipo pale juu ya cherehani.

Mama ameacha kazi. Anashinda kwangu, anakaa karibu na kapu la vitambaa, na karibu kila siku ananiuliza lilelile. Haulizi kuhusu ripoti.

"Unadhani hakugundua?"

"Hakugundua, mama."

"Alikufa anaamini uongo wangu. Miaka yote tuliyokaa, halafu cha mwisho nilichompa ni uongo." Na anauma mdomo ule wa chini mpaka unakuwa mweupe.

Mimi, ambaye sijawahi kutunza siri hata ya bei ya kitambaa, nafungua kinywa. Nikimwambia kwamba hakumdanganya, nitakuwa nimemwambia pia kwamba mumewe alikufa akijua ni yeye aliyeifuta pete. Nikinyamaza, ataendelea kuuliza. Nakanyaga cherehani kwa nguvu ili isisikike kwamba nalia, na mama ananisogezea uzi.